Sekunde Nne za Papa Prodige

Saa kumi na mbili kasoro robo asubuhi, mtaa wa Majengo mjini Goma bado haujaamka sawasawa, Evariste Habarurema anapanda juu ya paa la nyumba yake na gunia la mkaa begani. Ndani hamna mkaa. Mna kamera, lenzi ndefu na stendi ya miguu mitatu iliyoviringishwa kitenge.

"Siku hizi ukitembea na aparei kubwa, batu wanakuuliza unapigia nani foto," anasema. "Gunia ya makala, hakuna mutu anaulizia."

Anaielekeza kamera kwenye volkano ya Nyiragongo, anabonyeza mara moja. Chini, mwanamke mwenye bidoni ya maji anamwita kwa jina la mwanawe: "Papa Prodige, leo mulima inasema nini?"

"Sijui, mama."

Zamani alikuwa akijibu kwa uhakika. Mpiga picha huyu wa milima na misitu, mwenye umri wa miaka 54, amepanda Nyiragongo mara 61 pamoja na watalii. Vita viliporudi Rutshuru njia ya juu ilifungwa, na tangu waasi waingie Goma Januari 2025 anaishi kwa picha za vitambulisho na harusi chache. Hilo linauma, anasema, lakini mtu huzoea. Asichokizoea ni picha moja.

Jumamosi ya Mei 22, 2021, alikuwa akiishi Buhene, kaskazini mwa mji. Mnamo saa moja jioni anga likawa jekundu. Wenyeji wa Goma wanaujua wekundu ule. Miaka nenda miaka rudi umekuwa ukionekana juu ya kreta na watoto wanalala chini yake. Evariste alisimamisha kamera nyuma ya nyumba. Jirani yake Mama Dancille, mjane, alikuwa mlangoni akichambua maharage kwa mwanga wa taa.

"Papa Prodige, tukimbie?" aliuliza.

Evariste hakuondoa hata jicho kwenye kamera. "Hapana, mama. Ni kawaida yake."

Siku zote mwangaza ule ulimlazimu kuiacha kamera wazi kwa sekunde kumi na tano. Jioni ile picha zilitoka nyeupe, zimeungua kwa mwanga. Akapunguza hadi sekunde kumi, kisha nane, kisha nne: mwanga ulikuwa karibu mara nne ya ule wa kila siku.

"Mukono yangu ilijua," anasema akiutazama. "Kichwa ndiyo haikujua. Sekonde ine! Na mimi nafurahia rangi tu."

Alipanda pikipiki kutafuta mahali pazuri zaidi. Alipogeuka, lava ilikuwa imeshakata njia ya kurudi. Mkewe na watoto walikuwa mjini kwa ndugu, wakapona. Majirani wengi walikimbia. Mama Dancille alibaki hadi lava ikamuua, kwa sababu mtu wa mlima alikuwa amesema ni kawaida.

Picha ile ya sekunde nne ndiyo bora kuliko zote alizowahi kupiga. Chini, kona ya kushoto, yumo mwanamke mdogo kama punje ya mchele, ameinamia ungo. Ni picha pekee ya Dancille iliyobaki. Nyingine ziliungua na nyumba. Binti yake Munezero, fundi cherehani wa mtaa wa Ndosho, alikuwa ameenda mji wa Sake siku ile. Miaka minne sasa anauliza: "Papa Prodige, hauna hata foto moja ya mama?" Kila mara anajibiwa hakuna.

"Nikimupa, ataniuliza mama alikuwa anangoja nini pale," anasema Evariste, na machozi yanamtoka waziwazi. "Nitamuambia nini?"

Aliomba habari hii isichapishwe kabla ya Jumapili, siku atakayomwendea Munezero. "Asisome kwa gazeti. Asikie kwa kinywa yangu."

Jumapili alasiri alipiga simu gazetini. Alikuwa ametoka Ndosho. Amesema yote, hata zile sekunde. Munezero aliishika picha kwa mikono miwili. Hakumtukana, wala hakumsamehe. Alimwomba kitu kimoja: aikate, mlima na moto vitoke, mama abaki peke yake.

Evariste anaijua kazi yake. Kitu kidogo vile kikikuzwa hugeuka ukungu.

"Nilimuambia uso haitaonekana. Akaniambia: 'Uso naijua. Nataka tu mama akae mbali na ile moto.'"

Jumatatu asubuhi hakupanda paani. Alikuwa mezani, anakata.