Mizani ya Darasa la Kwanza

Kwa heshima na taadhima, na baada ya kukohoa mara mbili kama wafanyavyo watu wenye matangazo mazito, umma unaarifiwa kwamba mwalimu wa darasa la kwanza, mwanamke wa miaka hamsini na sita mwenye goti moja bovu, ameonekana hana hatia ya kuiba mizani ya shule. Hana hatia kwa sababu mizani haikuwepo. Haikuwepo kwa sababu mwenyewe amekiri hivyo mbele ya wanafunzi sabini na mmoja. Umma unaombwa kushangilia.

Wanafunzi walimwita Mwalimu Tuseme. Jina likatoka nje ya geti, likawafikia wazazi, likarudi hadi ofisini. Kila somo lake lilianza na neno hilo. “Tuseme huyu ni ng’ombe,” anasema akiwa ameshika dasta, na dasta, kitu kilichozoea dharau, kinakuwa ng’ombe mpaka kengele ilie. Msidhani alisoma nadharia mahali. Tabia ile aliifundishwa na uhaba. Mwaka wake wa kwanza kazini aliomba vitabu, akapewa chaki. Akaomba chaki, akapewa moyo: “Jikaze, mwalimu, kazi hii ni wito.”

Mizani aliiomba kwa barua kumi na tisa. Alitaka ya sahani mbili, watoto waone wenyewe kwamba tano na tatu za upande huu zinalingana na nane za upande ule. Barua ya kumi na tisa ilijibiwa: ombi lako limepokelewa na linafanyiwa kazi. Mtu mzima akijibiwa hivyo anajua ameshazikwa. Kesho yake aliingia darasani, akapindua ndoo kwenye kona ya dirisha, akaweka kitu juu yake kwa mikono miwili, polepole, huku akihema.

“Tuseme mizani imefika,” akasema.

Ilikuwa mizani nzuri. Mmoja alisema ni ya shaba. Mwingine akasema sahani ya kushoto imelegea, na tangu siku hiyo ikalegea kweli. Hakuna aliyepima bila kuishikilia. Walipima vitunguu, wakapima viatu, wakapima usingizi wa mlinzi wa geti, ukatoka kilo nane. Mwaka ulipokwisha, darasa lililopanda lililikabidhi mizani darasa lililoingia, na maelekezo juu: msiikalie, msiipeleke uani, sahani ya kushoto mshikilie.

Miaka mitatu iliyopita alikuja mkaguzi wa elimu. Alifika mchana, baada ya kushibishwa ofisini, akakaa nyuma kabisa, miwani mfukoni. Mbele yake watoto walikuwa kwenye foleni. Mmoja alikuwa anashitakiwa kwa kubonyeza sahani kwa kidole gumba ili mzigo wake uonekane mzito. Mkaguzi alitikisa kichwa kwa kuridhika, akaandika: Darasa lina mizani moja, hali nzuri, inatumika. Taarifa ikafika makao makuu. Mizani ikapewa namba ya usajili. Mkaguzi naye akapewa cheo, kiti cha kuzunguka na dereva. Na barua ya ishirini ya Mwalimu Tuseme ikajibiwa upesi kuliko zote: mizani unayo.

Mwaka huu mtunza mizani alikuwa msichana waliyempa jina la Kilo. Analelewa na bibi yake, muuza vitunguu sokoni. Alipoanza shule hesabu yake ilikomea tatu. Ukimwandikia tano ubaoni, anaitazama kama mtu aliyeletewa barua ya mahakama. Lakini msogeze kwenye ndoo.

“Sita huku, mbili huku,” anasema. “Mwalimu, imeelemea! Tuongeze nne.”

Hakosei. Kalamu ikiingia mkononi akili inatoka. Mizani ikiwa mbele yake, akili inarudi mbio. Mwalimu Tuseme alikuwa anamvusha kidogo kidogo, kutoka kwenye sahani kwenda kwenye daftari. Walikuwa wamefika saba.

Hapo ndipo ulipokuja uhakiki wa mali.

Mhakiki alikuwa kijana wa tai nyembamba. Alimwamkia mwalimu “shikamoo” kabla ya kumwita mwizi; malezi mema hayafichiki. Pamoja naye ofisini waliketi mwenyekiti wa kamati ya shule, ambaye ni fundi cherehani aliyekuwa akitazama zaidi mapindo ya watu kuliko nyuso zao, na mwalimu mkuu, aliyekuwa akijitazama mwenyewe.

“Mama, mizani iko wapi?” akauliza kijana.

“Haijawahi kuletwa, mwanangu.”

“Mkaguzi aliiona.”

“Aliona watoto wakiitumia.”

“Sasa si ndiyo kuiona? Au unataka kusema mkubwa yule hajui anachokiona?”

Mwalimu mkuu akakohoa. Mwenyekiti akainamia pindo la suruali yake. Mkubwa yule sasa ndiye anayetia sahihi uhamisho wa mwalimu mkuu na wa kijana.

“Basi waulizwe wanafunzi,” akasema mwenyekiti, mtu wa haki pale haki isipomgusa.

Wakahamia darasani. Wakaitisha meza. Kijana wa tai akauliza mizani iko wapi, na watoto sabini na mmoja wakaonyesha kona ya dirisha. Kilo akasimama bila kutumwa. Akaenda kwenye ndoo, akainyanyua mizani kwa mikono miwili, akatembea nayo taratibu hadi mezani. Kijana wa tai akasogeza faili lake kuipisha. Ndipo akashtuka, akalirudisha faili kwa hasira mahali pale pale.

“Polepole, kaka,” Kilo akamwambia. “Umeigonga.”

Darasa likacheka. Mwenyekiti pia, kidogo, kabla hajakumbuka ni mwenyekiti.

Kijana hakucheka. Alimvuta mwalimu mlangoni, na mwalimu mkuu akafuata. Mambo yalikuwa mawili. Kama mizani ilikuwepo, ameiiba: faili linakwenda polisi, naye nyumbani, leo. Kama haikuwepo, basi mkaguzi alipotoshwa, na aliyempotosha aseme mwenyewe, mbele ya watoto aliowatumia, iandikwe kwenye muhtasari.

“Mwalimu, sema yaishe,” mwalimu mkuu akamnong’oneza. “Ni maneno tu. Wewe si bingwa wa maneno?”

Nyumbani kwa Mwalimu Tuseme, mume wake yuko kitandani mwaka wa pili, upande mmoja wa mwili umegoma. Dawa zake zinatoka kwa kadi ya matibabu, na kadi ni ya mwalimu. Kila asubuhi humgeuza, humwosha, humlisha uji kwa kijiko, ndipo aje kugeuza dasta kuwa ng’ombe. Alisimama pale mlangoni muda wa kuhesabu mpaka saba. Kisha akarudi mbele ya darasa.

“Watoto wangu,” akasema, “hapa mezani hakuna kitu.”

“Tunajua, mwalimu,” akajibu Kilo, kwa upole, kama anayemtoa mgeni wasiwasi. “Lakini ipo.”

“Haipo. Haijawahi kuwepo.”

“Tunajua,” wakasema na wengine, wakicheka, maana waliona mwalimu leo kaleta mchezo mpya.

Kijana wa tai akainua kalamu. “Neno lenyewe, mama. Muhtasari unataka neno ‘kudanganya’.”

Mwalimu Tuseme akaitazama meza.

“Nilikuwa nawadanganya,” akasema.

Kicheko kikakatika. Watoto wale hawakuwa wajinga. Tangu siku ya kwanza walijua ndoo ni ndoo. Walichokuwa hawajui ni kwamba lile lilikuwa uongo. Na wao, ambao nyumbani huchapwa kwa kusema uongo, walikuwa wameusema mwaka mzima, wakiongozwa na mtu mzima. Kilo alikuwa bado ameishikilia sahani ya kushoto. Akashusha mikono, akaificha nyuma ya sketi, akarudi kukaa. Kijana akaandika. Mwenyekiti akatia sahihi bila kusoma, na walipotoka akamwambia mwalimu pindo la gauni lake limefumuka, alete dukani, hatamtoza.

Kesho yake mwalimu alishika dasta. “Tuseme huyu ni...”

“Mwalimu, hiyo ni dasta,” akasema mtoto wa nyuma. Hakuwa na utukutu wowote. Alikuwa anamsaidia asirudie kosa.

Alijaribu tena Jumatano. Alijaribu na kipande cha chaki, na kivuli cha dirisha, na kidole chake mwenyewe. Sabini na mmoja walimtazama kwa adabu, mikono juu ya madawati. Darasa likatulia hivi kwamba mwalimu mkuu, akipita, alilisifu. Kilo akarudi tatu. Akiulizwa nne, anatazama ubao. Akiulizwa tena, anatazama mlango.

Wiki ya pili akaja bibi yake, kapu kichwani.

“Mwalimu, mjukuu wangu alikuwa ananihesabia vitunguu pale sokoni, wateja wanampenda. Siku hizi anakaa tu. Nikimwambia hesabu, anasema hajui, asije akasema uongo. Nani kamfanyia hivi?”

“Mimi, mama.”

Bibi akalitua kapu. Akatoa vitunguu vitatu kapuni, akaviacha juu ya dawati, maana mtu haji kwa mwalimu mikono mitupu, akaondoka.

Serikali haina moyo mgumu. Wiki ya nne gari lilileta mizani ya kweli, ya chuma, sahani mbili, rangi ya kijani, utepe umefungwa. Mwalimu mkuu alihutubia juu ya zama mpya. Mpiga picha akawapanga watoto, wafupi mbele. Utepe ukakatwa, sanduku likafunguliwa, na mwalimu akapekua ndani yake hadi chini kwenye makaratasi. Mawe ya kupimia hayakuwemo. Dereva alisema labda yameshushwa shule nyingine. Yeye ameandikiwa sanduku, hakuandikiwa mawe.

Mwalimu mkuu akacheka, akamgusa bega.

“Sasa hilo nalo ni tatizo kwa fundi kama wewe? Waambie watoto tuseme mawe yapo! Eh? Tuseme yapo, kazi iendelee. Haya, mwalimu, wananchi wanakusikiliza. Una neno?”

“Leteni mawe,” akasema.