Jiwe la Mehmet

Nilikesha nikijiuliza nimsikilize nani, mjane au mwanawe. Bi Ayshe, jirani yangu hapa mtaa wa Jane na Finch, Canada, alitaka nimpeleke mji wa Richmond Hill kuagiza jiwe la kaburi la mumewe. Kiingereza hakijui, lugha yake ni Kituruki; mimi nilisoma chuo Uturuki, kwa hiyo nakimudu. Jioni ya kuamkia safari mwanawe alinipigia simu kutoka Calgary.

"Dada, mwambie fundi aandike jina la baba Mihail, kama kwenye vyeti. Mama hatajua mpaka limeshachongwa. Sitaki maswali ya maofisini."

Asubuhi tulipanda basi la Finch, theluji imeganda kandokando ya barabara. Bi Ayshe alinitazama.

"Mwanangu, mjane ni mimi. Mbona unayetetemeka ni wewe?"

Nikasingizia baridi.

Kituo cha Finch tulibadilisha basi, tukashika barabara ya Yonge kwenda kaskazini. Hapo ndipo aliponisimulia. Wao ni Waturuki wa Bulgaria. Serikali ya kikomunisti, ilipokaribia kuanguka, iliwanyang'anya majina, ikawapa ya Kibulgaria. Mumewe, Mehmet, akawa Mihail. Hata wafu hawakusalimika: jina kwenye kaburi la baba yake lilizibwa kwa saruji.

"Tulikwenda na misumari, tukaikwangua saruji. Wakaziba tena. Tukakwangua tena."

Mehmet aliandamana, akapigwa, wakafukuzwa nchini. Miezi michache baadaye serikali ilianguka, lakini pasi yake ya kusafiria ilibaki na jina lile. Aliingia nalo Canada, akazeeka nalo.

"Kazini walimwita Mike, akaitika," alisema Bi Ayshe. "Mimi sikumwita hivyo hata siku moja."

Richmond Hill, karakana ilijaa vumbi la mawe. Fundi, mzee mchangamfu, alipitia karatasi za mazishi.

"Hapa naona Mihail. Ndilo?"

"Anasemaje?" aliuliza Bi Ayshe.

Nilizitazama zile karatasi. Fundi angechonga chochote nitakachotamka. Nikafikiria vyeti, ofisi, mwana aliye mbali. Bi Ayshe alikuwa amevua glavu, anakwangua jiwe tupu kwa kucha zake.

"Silo," nilimwambia fundi. "Andika Mehmet." Nikamtajia herufi moja moja, nikasimama pale mpaka alipomaliza kuzichora kwa chaki.

Tukirudi, ndani ya basi, nilimpigia mwanawe. "Kaka, nimesema Mehmet."

Akalirudia jina hilo polepole.

"Mpe mama simu," akasema.