Joto Nyuma ya Ubao

Vifaranga ndio waliomshtua. Badala ya kulizunguka jiko la mkaa katikati ya banda, walikuwa wamejibana ukutani, chini ya sanduku la mbao la taa. Mama Kuku akaligusa sanduku kwa kiganja, akakirudisha haraka.

Jina hilo alibandikwa na mke mdogo siku alipotolewa nyumba kubwa, akaletwa kulala kwenye chumba kilichoshikana na banda. Utumishi wake wote kwa mumewe uliishia hapo: harufu ya kuku, na mama yake mzazi aliyepooza, amelazwa upande wa pili wa ukuta uleule wa mbao.

Taa za LED alizifunga shemeji yake, mdogo wa mume. Zilikuwa safu nzima, zikila umeme wa paneli ya sola, na wa betri jua likijificha. Betri ikichoka, zilififia. Jua likikaza, umeme ulizidi, na rezista aliyoiweka sandukuni iliugeuza ule wa ziada kuwa joto.

"Shemeji, sanduku linaungua."

"Linapata joto tu. Umeme uliozidi uende wapi, tumboni kwako?"

"Unakuja ukutani kwangu. Mama yuko hapo nyuma."

"Basi sogeza kitanda."

Kitanda chenyewe kilijaza chumba. Akamwendea mume, aliyekuwa amejinyoosha kibarazani na mke mdogo.

"Ukizima taa, vifaranga wataogopa giza, walaliane wafe," mume akasema. "Wakifa, wewe na huyo mama yako mtafute pa kulala."

"Na banda likiwaka?"

Mke mdogo akacheka. "Mama Kuku naye! Akiona jua, anaona moto."

Alirudi mbio. Jua lilikuwa la utosini. Chumbani, ubao wa nyuma ya sanduku ulikuwa umeanza kuwa mweusi.

"Mwanangu, nini kinanukia?" mama akauliza.

Akizima, watatupwa nje. Asipozima... Wazo hilo hakulimaliza. Alimbeba mama mgongoni, akamlaza uani kwenye mkeka, akarudi bandani akang'oa waya kwa mikono miwili.

Madirisha yalikuwa yamezibwa kwa magunia, na giza likatanda. Vifaranga wakapiga kelele, wakapandana. Akawatawanya kwa kupapasa, huku akilia, na wengine walikuwa wameshalegea mikononi mwake. Mume akamkuta hapo.

"Umenimaliza, mwanamke!"

Akalivamia sanduku arudishe waya. Kifuniko kikammegukia mkononi, ndani kimekuwa mkaa. Radhi hakuomba, neno hilo hakuwahi kujifunza.

Shemeji akaja, macho chini. Akaitoa rezista, akafunga kifaa kinachoushusha umeme ukizidi na kuupandisha ukipungua, taa zipate kiasi chake bila kuupoteza kwa joto. Taa zikawaka, wala hazikutikisika wingu lilipopita.

"Haya, mrudishe mama yako ndani," mume akasema.

Mama Kuku akatoka uani, akasimama kando ya mkeka wa mama.

"Arudi? Mlale humo kwanza wewe na mkeo, jua likiwa utosini. Mkiamka wazima, nitamrudisha."

Mume akamtazama mke mdogo, aliyekuwa bado kibarazani. Mke mdogo akatazama kucha zake.

Mama Kuku akainama, akampandisha mama mgongoni, akaelekea mlango wa mbele wa nyumba kubwa. Alitembea akingoja kuitwa arudi. Hakuna aliyemwita.