Nyumbu wa Kilima cha Observatory

Mwaka 2016 nilikuwa namtunza mzee mmoja wa Kizungu mtaa wa Observatory, Johannesburg. Alishapita miaka tisini, masikio mazito, ulimi mwepesi. Ujanani alikuwa askari wa miguu katika Vita vya Pili vya Dunia. Kikosi chao kilianzia Kenya, na huko akaokota Kiswahili cha kuamrisha tu: "Lete maji! Upesi!"

Mimi mtoto wa Tanga nikamwambia, "Mzee, kwetu kuna na tafadhali."

Akaitafutia nafasi. "Lete maji upesi, tafadhali!"

Asubuhi moja akatangaza kwamba atapanda ngazi za mawe nyuma ya nyumba mpaka kilele cha kilima. Nikakataa. Akavaa viatu. Nikakataa tena, akaanza kwenda. Ikabidi nimwite mlinzi wa mtaa, Mrundi mmoja mwenye mabega mapana, abebe kiti cha plastiki na chupa ya chai.

"Mwambie yeye ndiye nyumbu wetu," mzee akasema kwa Kiingereza. Nikatafsiri.

Mlinzi akatua kiti. "Dada, mimi nyumbu? Wale wa Serengeti?"

"Si wa porini. Huyu baba yake punda, mama yake farasi."

"Basi umenitukana mara mbili."

Mzee akaeleza huku akihema. Majira ya baridi ya mwisho wa vita, huko Italia, walikwama mlimani kwenye theluji, Wajerumani wakiwa juu yao. Magari hayakupanda. Nyumbu ndio waliowaletea supu na risasi.

"Jenerali akifa, analetwa mwingine," alisema. "Nyumbu akiteleza, tunalala njaa."

Mlinzi akakiinua kiti, safari hii kwa heshima.

Kileleni tukamkalisha. Akasimulia jinsi theluji ilipoyeyuka wakapewa amri, wakaupanda ule mlima gizani kwa miguu na mikono, wakauteka. Rafiki yake waliyekuwa wakilala naye blanketi moja hakushuka. Hapo akaomba chai. Hakusema "upesi".

"Baada ya hapo ilikuwa kutembea tu," akaendelea. "Wajerumani wakijisalimisha makundi kwa makundi. Nikaachwa peke yangu shambani niwalinde mateka, usingizi ukanichukua. Mateka mmoja ndiye aliyeniamsha: bwana, vita vimekwisha."

"Na bunduki ya mzee?" mlinzi akauliza kupitia kwangu.

"Alikuwa ameishika huyo mateka, isiingie matope."

Mlinzi wetu, ambaye wiki hiyohiyo msimamizi wake alimfumania akisinzia kibandani, alicheka mpaka akakaa chini.

Wakati wa kushuka magoti ya mzee yaligoma. Nikampigia binti yake, akaja na gari kwa barabara ya juu, uso ameukunja.

"Nani karuhusu upuuzi huu?"

Mzee akaninyooshea kidole. "Huyo. Mimi askari wa kawaida, nafuata amri."

Binti aliishikilia hasira yake mpaka tukasimama kwenye robot, kama waitavyo huku taa za barabarani, ikiwa nyekundu. Hapo nikaona mabega yake yanaanza kutikisika kwa kicheko.