Pombe ya Moteri

Ule mwaka benyeji balikuwa banatufukuza siye Bakasai, ati turudie Kasai, papa aliwaza kitu moja tu: atengeneze mutuka yake, gari ya kuzeeka, ao anunue ingine. Mi nilitaka tuondoke, basi. Nilitoka kumaliza sekondari, sikuwa na subira na mutu.

Mama naye alisema: "Baba batoto, uzisha ile chuma. Ikiona kamulima kadogo inalia sawa mbuzi. Utafikisha nayo batoto Kasai?"

"Mukasai akinunua mutuka leo, batasema ameiba. Hii ya zamani bote banaiyua. Itatupitisha."

Basi njo alitengeneza ile ya zamani. Mekanisie, fundi wa mutuka, alikuwa jirani yetu, mutu wa hapa, balikuwa banatumika kazi na papa ku mine moja ya kuchimba madini tangu ujana. Alitosha moteri yote inje ya mutuka, akaipanga chini kipande kwa kipande mu lupango yetu, mbele ya nyumba. Bengine banapita na magodoro ku kichwa, banaenda ku gare kupanda treni. Siye tunangojea piesi za moteri zitoke Lubumbashi. Nilikasirika mupaka chakula ilinishinda.

Siku moteri iliwaka, papa alitaka kuiaroza. Kwetu moteri ikifanywa mupya, unaita bajirani, unaimwangia pombe kidogo, ingine munakunywa.

"Papa, twende leo leo!"

"Nyamaza. Mutu wa kunyima bajirani pombe, njo banafukuza wa kwanza."

Balikuya bote. Mekanisie aliwasha, akazima, akawasha tena, bote banapiga makofi.

"Eh tata, inanguruma sawa mupya! Utatuachia, ao unaenda nayo kwenu?" jirani moja alimuuliza papa.

"Kwetu njo hapa," papa alijibu, anacheka, anabaongezea pombe.

Kesho yake asubui tulipakia bitu, tukaondoka. Ku mutoko wa muji, pa kutokea, bijana balifunga njia na miti. Mekanisie alikuwa katikati yabo. Hakuangalia chini, hata kidogo.

"Tata, muteremuke. Batu bapite, mutuka ibakie," mekanisie alisema.

"Mi na weye, tangu ujana?" papa aliuliza.

"Ungeenda nayo vile ilikuwa zamani, nani angeiangalia?"

Mama alianza kushusha masufuria. Mi nilingojea papa atukane, apige, afanye kitu. Papa alitosha lufungulo ya mutuka, akapatia mekanisie mu mukono.

"Usiikimbize kwanza," alimuambia. "Moteri ingali mupya, itaungua."

Nilibeba godoro, nikatangulia ku gare. Sikutaka kutembea na papa.