Alama Moja kwa Ajili ya June

Siku hizi Verna Stegall hapandi tena farasi, magoti yamegoma. Lakini mtajie June, uone kama utaondoka kwake mapema.

Enzi hizo, huko Oklahoma, alikuwa mpishi wa shule na mjane wa juzijuzi. Mumewe Delmer alimwachia June, farasi jike mwekundu aliyemfundisha mwenyewe mchezo wa hatamu: kuzunguka papo hapo kama pia, kukata mbio, kisha kusimama kwa kuserereka kwa miguu ya nyuma hadi vumbi litimke, mpandaji akiwa ameshika hatamu kwa mkono mmoja tu. Miaka yote hiyo kazi ya Verna ilikuwa kukaa kwenye uzio na kupiga mayowe. Sasa daktari wa mifugo akamwambia kwamba June amezeeka, asikawie kumstaafisha. Verna akaapa kwamba June atapata alama japo mara moja tu akiwa na yeye mgongoni, na siku hiyohiyo ndiyo atakayostaafu.

"Wewe?" Oleta, dada yake Delmer, alicheka mpaka akashika mbavu. "Wifi, wewe hata ngazi ya jikoni unaipanda kwa sala!"

"Basi nitasali nikiwa juu."

Akasali, lakini haikusaidia. Verna alikulia shambani, akipanda farasi wa kazi kwa mikono miwili. Katika mashindano ya kwanza June alipokata mbio, mkono wa pili uliruka wenyewe ukakamata hatamu. Sifuri. Mara ya pili, vilevile. Mara ya tatu akauchomeka mkono ule kwenye mkanda wa suruali, akajiona mjanja, akasahau kuhesabu mizunguko, akapitiliza hadi wakaishia kutazama kona. Sifuri tena.

"Ulikuwa unamtafuta nani huko kwenye kona?" Oleta akamuuliza.

"Nyamaza uendeshe gari, bibi wee."

Na hapo ndipo penye utamu wenyewe. Walirudi wakivuta tela la June, wakila sambusa tamu za pichi mpaka sukari ikaganda mashavuni, wakimsengenya Delmer kana kwamba yuko nyumbani anawangoja. Tangu mazishi Verna hakuwa amecheka vile. Mtu anaweza kuzipenda sifuri, nyie!

Oktoba, kwenye mashindano ya mwisho, June aliserereka akasimama, akarudi nyuma kwa utaratibu, na mkono wa Verna ukabaki mkandani. Mtangazaji akasoma: sitini na nne. Walikuwa wa mwisho kabisa, lakini watu walipiga mayowe kama wameshinda ubingwa, Oleta akiwazidi wote.

Langoni mwamuzi alikuwa akingoja. Kila mpandaji hushuka na kumvua farasi lijamu, kile chuma cha mdomoni, ikaguliwe.

"Lijamu, mama," akasema kwa upole.

Verna akashuka. Akaweka mkono shavuni mwa June, na mkono ukakataa kwenda mbele.

"Wifi, mbona unalia?" Oleta akaja mbio. "Si umepata?"

"Ndiyo maana nalia."

Nyuma yao mpandaji mwingine alikuwa anasubiri zamu yake. June, asiyejua lolote la sitini na nne, akainamisha kichwa ili kumrahisishia bibi yake, kama alivyozoea kila siku, na Verna akamvua.