Makala Niliyomwambia Baba Haipo

Mwanangu, naikumbuka siku moja ambayo ningependa kuisahau. Nilikuwa mwanafunzi wa chuo kikuu hapa Likasi, Kongo, najiona nimefika. Baba, mstaafu wa kiwanda cha Panda, aliniita kando ya kitanda chake. Miaka mingi nyuma, mtafiti mmoja alimhoji juu ya rafiki yake Kalala, aliyekufa kazini siku aliyoingia zamu badala ya baba. Mtafiti aliahidi kumletea makala yake, lakini hakurudi.

"Mutoto yangu, tafuta ile article kule ku université," baba aliniomba. "Nataka tu nijue kama baliandika jina ya Kalala."

Niliiona kwenye kompyuta ya maktaba: kichwa chake, jina la jarida, na muhtasari wa mistari sita. Nilipobonyeza niisome yote, ukurasa ukakataa kufunguka. Mama Régine, mkutubi wetu, alikuwa ameketi hatua tatu tu kutoka kwangu. Sikumuuliza. Niliogopa wenzangu wangeniona mshamba, basi! Nikarudi nyumbani nikasema, "Haiko, papa." Aliitika tu, akageukia ukutani. Alikuwa anaumwa sana, nami nilijua.

Tulimzika kabla ya Pasaka. Baada ya matanga nilimwendea Mama Régine, machozi yakinilenga, nikamweleza yote. Aliingiza neno la siri la maktaba, jarida likafunguka, akanichapia makala nzima. Haikuchukua hata dakika kumi.

"Weye ulikuwa unakuya hapa kila siku," alisema polepole. "Juu ya nini haukuniuliza?"

Nikaanza kufunua kurasa. Ukurasa wa tisa, jina la Kalala lilikuwepo, limeandikwa wazi. Chini yake kulikuwa na maneno ya baba, bila jina lake, yamegeuzwa Kifaransa: msiandike jina langu, andikeni lake. Nililia pale pale, mbele ya wale wenzangu niliowaonea haya.

Kwa hiyo, mwanangu, muhtasari usikutoshe. Ukurasa ukikataa, usiseme makala haipo. Sema hujaipata, kisha mpelekee mkutubi kichwa chake, jina la jarida na mwaka, umwombe msaada bila haya. Na kama kuna mtu nyumbani anayesubiri jibu, nenda leo. Mungu akupe ulimi wa kuuliza, na akujalie umkute bado yupo yule unayempelekea jibu.